MSHIPI UPI KWA SAMAKI YUPI?

Msomaji wetu wa Mombasa, ukiingia dukani kununua uzi wa mshipi, usianze kwa kuuliza bei. Soma kwanza kibandiko. Hapo pameandikwa unene kwa milimita, na uzito ambao uzi huo waweza kustahimili kabla ya kukatika. Uzi wa nailoni wa milimita 0.50 hustahimili kiasi cha kilo 14. Ule wa milimita 1 hauzidi mara mbili tu, bali karibu mara nne.

Labda utasema, "Basi nitanunua ulio mnene kabisa." La, ngoja kwanza. Uzi mnene husukumwa zaidi na maji. Wavuvi wa Bandari ya Kale waujua mkondo utokao hori ya Tudor na kupita mbele ya Ngome siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Hapo uzi mnene hautafika chini ila kwa risasi nzito, na risasi ikizidi uzito, mkono hausikii changu akidonoa chambo. Siku za maji mafu risasi ndogo yatosha.

Kule bara, katika mito ya milima ya Aberdare ambako samaki aina ya trauti walitiwa mwaka 1905, mambo ni kinyume. Mvuvi hurusha nzi wa manyoya asiye na uzito, kwa hiyo kamba yenyewe ndiyo nzito. Kamba hiyo ina namba yake, na fimbo sharti ilingane nayo. Sisi fimbo yetu ni mkono, nao una kipimo chake: uzi mwembamba huukata kama wembe.

Kwa hiyo mshipi wenyewe uwe mnene, kama milimita 0.90, upate kushikika. Mwishoni unga pima moja ya uzi wa 0.50, kisha ndoana. Changu hatautambua upesi, na ndoana ikinasa mwambani, kitakatika kipande kile tu. Aliyetumia uzi mnene mpaka mwisho huenda akauacha mshipi mzima chini, na nyumbani wanangojea kitoweo.

Ukirambaza kutafuta nguru, badala ya uzi huo mwembamba tia waya mfupi, maana meno yake hayachezewi.

Namba za ndoana huwakosesha wengi. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Lakini zikiandikwa 1/0, 2/0 na kuendelea, hukua kadiri namba inavyopanda. Ndoana ndogo mno itakuletea watoto wa changu ambao hawajakua bado.

Fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni kavu hupata moto ikisuguana na kupungua nguvu. Na kila asubuhi pitisha vidole katika pima mbili za mwisho. Ukigusa mkwaruzo, kata hapo ufunge upya, na kipande kile rudi nacho pwani. Kikiachwa majini huwanasa kasa.