Makala Moja, Majina Sita

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa mwongozo uliowakosesha usingizi wanafunzi wengi: anayesoma shahada ya uzamili awe na walau makala moja katika jarida linalopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu, na wa uzamivu awe nazo mbili. Ng'ambo ya mpaka, vyuo kadhaa navyo vina masharti ya namna hiyo, kila kimoja kwa kipimo chake. Kuweka sharti ni rahisi. Mzigo humwangukia msimamizi mwenye wanafunzi wanane, vipindi vya kufundisha, na vikao visivyoisha. Wanafunzi hao wataandika nini ilhali data za tasnifu hazijakusanywa?

Njia mojawapo ni mradi wa kikundi: wanafunzi watano, msimamizi mmoja, makala moja. Tatizo ni kwamba si kila makala hugawanyika. Insha ya nadharia ikiandikwa na watu watano huishia kuwa shuka la viraka, kila aya na lafudhi yake. Kinachogawanyika vizuri ni mapitio ya kimfumo, yaani kazi ya kukusanya tafiti zote zilizokwisha kufanywa juu ya swali moja na kuzipima kwa utaratibu uliotangazwa mapema. Mapitio ya aina hii hayafanywi vizuri na mtu mmoja hata akitaka, maana kila utafiti unapaswa kupimwa na watu wawili, kila mmoja bila kuona uamuzi wa mwenzake.

Tuseme kikundi kinauliza kama wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanawasaidia wagonjwa wa shinikizo la damu kushusha presha katika Afrika Mashariki. Kwanza huandikwa itifaki: swali ni lipi, tafiti zipi zitaingia, zipi zitaachwa, na kwa nini. Itifaki husajiliwa PROSPERO, daftari la wazi linaloendeshwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, tangu 2011. Faida yake ni moja kubwa: baada ya hapo huwezi kubadili swali kimyakimya ukishaona majibu hayakupendezi. Kisha anatafutwa mkutubi. Huyu ndiye anayejua kutunga maneno ya kutafutia katika PubMed au African Journals Online ili usikose tafiti muhimu wala usizame katika maelfu yasiyohusu. Vikundi vingi humkumbuka wakati wa kuandika shukrani tu, na matokeo yake huonekana.

Sasa unakuja mchujo, yaani kusoma ikisiri na kuamua utafiti upi uingie na upi uachwe, na hapa ndipo ninapowataka wasimamizi wakae na wanafunzi wao. Zipo programu za kazi hii. Rayyan, iliyobuniwa Qatar, inaweza kuficha uamuzi wa kila msomaji hadi wote wamalize. Chukua mfano wa ikisiri 200 zilizosomwa na wanafunzi wawili. Wote wawili wamekubali 20, wote wamekataa 160, na wametofautiana katika 20 zilizobaki, kila mmoja akiwa amekubali 10 ambazo mwenzake amezikataa. Wamekubaliana kwa asilimia 90, na watatoka kikaoni wakipongezana. Wasiharakishe. Kwa kuwa ikisiri nyingi ni za kukataliwa, hata watu wawili wanaokisia wangepatana mara nyingi. Kila mmoja amekubali asilimia 15 na kukataa 85. Kwa bahati tu wangelingana kwa asilimia 74.5. Kipimo kiitwacho kapa, kilichobuniwa na Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa sehemu hiyo ya bahati. Hapa kapa ni 0.61. Si mbaya, lakini si ya kupigiwa vigelegele.

Zile 20 walizotofautiana ndizo darasa lenyewe. Zipitieni moja moja. Mara nyingi utakuta mwanafunzi mmoja alikataa utafiti kwa sababu waliowatembelea wagonjwa waliitwa "wanaojitolea", mwenzake akaukubali kwa sababu walipewa mafunzo na mashine ya kupimia presha ikawa mikononi mwao. Nani kakosea? Hakuna. Kigezo ndicho kilikuwa legelege: itifaki haikusema mhudumu ni nani. Kinarekebishwa, marekebisho yanaandikwa pamoja na tarehe, na ikisiri zinasomwa upya. Zikibaki chache zisizoafikiwa, mtu wa tatu anaamua. Mwanafunzi aliyepitia kikao kimoja cha namna hii anaelewa kigezo cha utafiti kuliko aliyehudhuria mihadhara muhula mzima. Huo ni mtazamo wangu na siuombei radhi.

Kila hatua iwekwe kumbukumbu. Mwongozo wa PRISMA, uliotoka 2009 na kuhuishwa 2020, unadai mchoro unaoonyesha tafiti ngapi zilipatikana, ngapi zilijirudia, ngapi ziliachwa baada ya kusomwa kikamilifu na kwa sababu gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hesabu ya mchoro huo haiwezi kutengenezwa usiku wa mwisho.

Tuje kwenye majina, jambo ambalo huvunja urafiki. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba imeweka masharti manne, na mwandishi anatakiwa kuyatimiza yote: awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi au kupata na kuchambua data, awe ameandika mswada au kuurekebisha kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi yote. Kutafuta fedha peke yake hakutoshi. Usimamizi wa jumla peke yake hautoshi. Kwa maneno mengine, mkuu wa idara aliyepiga mhuri barua ya ruhusa anastahili shukrani, si nafasi kwenye orodha ya waandishi. Katika mazingira yetu ya heshima kwa wakubwa, mwanafunzi hawezi kulisema hilo. Alitamke msimamizi, siku ya kwanza, kabla kazi haijaanza.

Siku hiyohiyo iandikwe nani atakuwa mwandishi wa kwanza na ni kazi gani inayompa nafasi hiyo, nani ataandikiana na mhariri, na ada ya uchapishaji italipwa na nani. Majarida mengi ya bure kwa msomaji humtoza mwandishi, ingawa mengine hupunguza au kusamehe ada kwa nchi zenye kipato kidogo. Msamaha huombwa wakati wa kutuma mswada, si baada ya ankara kufika. Jarida linaloahidi kukubali makala ndani ya siku tatu, liepukeni.

Iandikwe pia nini kitatokea maoni ya wahakiki yakirudi miezi mingi baadaye, wakati mmoja ameshaajiriwa Mbeya na mwingine hapokei simu. Desturi nzuri ni kumpa kila mtu muda maalumu wa kujibu. Ukipita, msimamizi au mwandishi mwingine anachukua sehemu ile na kuimaliza. Mpangilio wa majina unaweza kubadilika kufuatana na kazi iliyofanyika, ila kwa ridhaa ya maandishi ya waandishi wote, akiwemo yule anayeshushwa. Mhariri ataiulizia ridhaa hiyo.