Kuongeza Vyumba Samuye: Lipia Kwanza Kisichobadilika

Kila msimu wa pamba na mpunga unapokwisha, sehemu ya fedha za mauzo mkoani Shinyanga hugeuka saruji, nondo na bati. Ndivyo ilivyo pia kwa fedha zinazotoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Mfanyabiashara wa Samuye mwenye nyumba ya vyumba vitatu huongeza viwili vya kupangisha, au fremu moja ya duka. Kwa mwekezaji mdogo huu ni uwekezaji wa kawaida kuliko hisa au hati fungani. Ndio pia ambao wengi huuanza bila kushika kalamu: fundi huitwa, kamba huvutwa, msingi huchimbwa, na hesabu hufuata baadaye.

Safu hii wiki hii inaeleza namna ya kupanga nyongeza ya nyumba ambayo haitakula faida yake kwa umeme, joto na matengenezo, na ambayo haitahitaji kubomolewa miaka kumi ijayo.

Ieleweke kwamba katika nyongeza ya nyumba kuna vitu vya aina mbili. Vya kwanza havibadiliki bila kubomoa: mahali jengo linapokaa, upande linaoelekea, msingi, kimo cha kuta, nguvu ya kenchi na njia za nyaya ndani ya ukuta. Vya pili hununuliwa wakati wowote fedha ikipatikana: feni, sola, tangi, marumaru na rangi. Mwenye mtaji mdogo aanze na aina ya kwanza. Wengi hufanya kinyume. Huweka marumaru juu ya msingi dhaifu, kisha hulipia ufa kila mwaka.

HESABU KABLA YA KAMBA

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Vyumba viwili vikigharimu Sh. 6,000,000 na kuleta kodi ya Sh. 40,000 kwa mwezi, fedha itarudi baada ya miezi 150, yaani miaka 12 na nusu, kama hakuna mwezi hata mmoja wa chumba kukaa kitupu. Sasa tuseme mwenye nyumba aongeze Sh. 300,000 kwa ajili ya dari, madirisha mapana na matundu ya hewa, na kwa ubora huo apate Sh. 5,000 zaidi kwa mwezi. Nyongeza hiyo itarudi kwa miezi 60. Fedha iliyowekwa kwenye ubaridi wa chumba imerudi haraka kuliko fedha iliyowekwa kwenye kuta zenyewe.

Mfano huo unafundisha jambo jingine. Mtaji wa dukani huzunguka mara kadhaa kwa mwaka, lakini ulioingia ukutani hauzunguki. Aidha, mpangaji wa Samuye hutegemea mvua, pamba na dhahabu zile zile anazotegemea mwenye duka. Msimu ukiwa mbaya, duka na chumba huyumba pamoja. Kwa hiyo si busara kuhamisha mtaji wote wa biashara kwenda kwenye tofali. Jenga kwa faida, na mtaji ubaki kwenye bidhaa.

MPAKA NA BARABARA

Fremu ya duka inataka kuwa karibu na barabara, na hapo ndipo wengi walipopoteza fedha zao nchini. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi meta 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Anayejenga ndani ya hifadhi hiyo leo hana fidia ya kutegemea siku barabara inapopanuliwa. Kabla ya kununua tofali la kwanza, pima kwa futi kamba, kisha upate uthibitisho wa TANROADS.

Hali kadhalika, angalia karatasi za kiwanja. Ardhi ya kijiji husimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na mwenye eneo anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kiwanja kisicho na karatasi ni vigumu kukitumia kama dhamana ya mkopo, hata kikiwa na jengo zuri. Pale ambapo eneo limeingizwa kwenye mpango wa mji mdogo, kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri.

ARDHI YA MBUGA NA UFA WA MAUNGIO

Wasukuma wa zamani walijua kuchagua mahali pa kujenga. Nyumba zilikaa juu, kwenye ardhi ya kichanga, na mbuga ya chini, yenye udongo mweusi, iliachiwa mpunga na malisho. Sababu ni udongo wenyewe. Udongo wa mbuga hufura unaponyeshewa, na wakati wa kiangazi hunywea na kupasuka. Msingi mfupi uliolala juu yake huinuka na kushuka kila mwaka.

Kwa nyongeza ya nyumba tatizo huwa mara mbili. Nyumba ya zamani imekwisha kutulia, lakini ile mpya bado inakaa. Fundi akizifunga pamoja kwa kuchomeka matofali mapya kwenye ukuta wa zamani, ufa utatokea pale pale kwenye maungio. Njia iliyo salama ni kujenga ukuta mpya unaojitegemea, wenye msingi wake, na kuacha mwanya mwembamba kati yake na ule wa zamani. Mwanya huo hufunikwa kwa kitu kinachoweza kucheza, si kwa plasta.

Kama kiwanja ni cha mbuga, msingi uchimbwe hadi kupita udongo mweusi na kufikia ardhi ngumu. Pale ambapo udongo mweusi ni wa kina kirefu, muulize mhandisi wa halmashauri kabla ya kumwaga zege. Juu ya msingi uwekwe mkanda wa zege wenye nondo, na mwingine kwenye usawa wa lenta. Maji ya paa yasidondoke kwenye kitako cha ukuta. Gharama hii haionekani nyumba inapokwisha, na ndiyo sababu hukatwa kwanza. Ikikatwa, hakuna rangi itakayoificha.

JUA, PAA NA MADIRISHA

Samuye iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka hupita juu kabisa. Maana yake ni kwamba wanaoleta joto ndani ni watatu: paa, ukuta wa mashariki asubuhi na ukuta wa magharibi alasiri. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua dogo, na upenu wa sentimeta 60 hadi 90 unatosha kuzitia kivuli.

Kwa hiyo nyongeza ielekezwe ili ule urefu wake uende mashariki na magharibi, na madirisha yakae kaskazini na kusini, yakitazamana, upepo uingie huku na kutokea kule. Kama umbo la kiwanja halikuruhusu, upande wa magharibi uwekewe choo, stoo au baraza, ili chumba cha kulala kisipigwe na jua la alasiri.

Kwenye paa, bati tupu ndilo jiko la nyumba. Dari yenye nafasi ya hewa juu yake, pamoja na matundu kwenye ncha za paa, hupunguza joto kwa gharama ndogo kuliko feni ya kuwasha usiku na mchana. Bati la rangi nyeupe au nyepesi hurudisha jua zaidi kuliko la rangi nzito. Mnunuzi akumbuke pia kwamba geji ikipungua namba, bati limeongezeka unene: geji 28 ni nene kuliko geji 30.

UMEME: MITA MOJA AU MBILI?

Hapa ndipo mwenye nyumba wengi hupoteza fedha bila kujua. Katika bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, daraja la D1, aliwekewa Sh. 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh. 350 kwa kila uniti inayozidi. Mteja wa matumizi ya kawaida, daraja la T1, aliwekewa Sh. 292 kwa uniti. Bei hizo ni kabla ya VAT na tozo.

Tuone familia mbili, ya mwenye nyumba na ya mpangaji, kila moja ikitumia uniti 60 kwa mwezi. Zikiwa na mita mbili za D1, kila moja hulipa Sh. 6,000, jumla Sh. 12,000. Zikiwa na mita moja, uniti ni 120: za kwanza 75 ni Sh. 7,500, na 45 zilizobaki ni Sh. 15,750, jumla Sh. 23,250. Mita hiyo ikihamishiwa T1 kwa sababu ya kuzidi, jumla ni Sh. 35,040. Umeme ni ule ule na nyumba ni ile ile, lakini bili imekaribia mara tatu. Juu ya hayo kuna ugomvi wa nani amemaliza LUKU.

Ndiyo maana nafasi ya mita ya pili ipangwe kwenye ramani, hata kama haitafungwa sasa. Duka nalo liwe na mita yake, ili matumizi ya friji ya biashara yasiingie kwenye daraja la nyumbani. Mwaka 2022 ada ya kuunganishiwa vijijini ilipangwa Sh. 27,000, na mjini Sh. 320,960 kwa njia moja ndani ya meta 30. Uliza TANESCO eneo lako limewekwa kundi gani. Aidha, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo ulizia mapema mita mpya itahesabiwaje.

Taa nazo zihesabiwe. Taa tano za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 45 kwa mwezi. Taa tano za LED za wati 9 hula uniti zisizofika 7. Katika daraja lenye kikomo cha uniti 75, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utabaki D1.

SOLA IJE BAADAYE, NJIA YAKE SASA

Jua la Shinyanga lina thamani ya kibiashara. Katika wilaya jirani ya Kishapu, mwaka 2023 serikali ilisaini mkataba wa awamu ya kwanza, megawati 50, ya mradi wa sola wa megawati 150. Wenye maduka nao wanakumbuka mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023, kabla ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024.

Hata hivyo, si lazima kununua sola siku ya kujenga. Kinachotakiwa siku hiyo ni kenchi zenye uwezo wa kubeba paneli, upande mmoja wa paa usiotiwa kivuli na mti, na paipu mbili tupu zilizozikwa ukutani kutoka darini hadi karibu na meinswichi. Paipu hizo hugharimu kidogo kabla ya plasta. Baada ya plasta, gharama ni kuchonga ukuta. Jikoni nako pawekwe waya mnene na soketi yake kwa ajili ya jiko la umeme, na mahali pa mtungi wa gesi nje penye hewa. Kuni za Shinyanga ni adimu tangu zamani. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 kwa sababu mkoa ulikuwa unageuka jangwa.

MAJI NA TOFALI

Paa la meta 6 kwa 8, katika mwaka wa mvua ya milimeta 700, hupokea lita 33,600. Ukiondoa robo kwa upotevu, zinabaki lita 25,200. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwisho wa masika hutoa lita 40 kwa siku kwa siku 125. Tangi linaweza kungoja, lakini mteremko wa paa na kitako cha tangi vipangwe sasa.

Kuhusu tofali, la kuchoma hula kuni nyingi. Tofali za kufungamana za udongo na saruji, zinazohimizwa na wakala wa nyumba bora, NHBRA, hushindiliwa bila kuchomwa na hupunguza udongo wa kuungia. Lakini hazitengenezwi kwa udongo wa mbuga. Tafuta udongo mwekundu au wa kichanga.

MPANGILIO WA FEDHA

Kwa muhtasari, fedha ya msimu wa kwanza iende kwenye mpaka, ramani na msingi. Ya msimu wa pili iende kwenye kuta, kenchi, bati na paipu. Ya tatu ilete dari, madirisha na mita. Sola, tangi na marumaru zilipwe na kodi ya mpangaji wenyewe. Mwenye fedha pungufu apunguze idadi ya vyumba, asipunguze msingi: chumba kimoja chenye mpangaji kina faida kuliko viwili vilivyoishia kwenye lenta.