Furu na rangi ya maji aliyokulia

Kama umewahi kuishi Mwanza, furu unawajua: samaki wadogo wa ziwani, wengine huishia kuwa chambo cha sangara. Leo tuwaangalie furu wa aina mbili tu. Madume wa *Pundamilia pundamilia* ni wa buluu, hukaa karibu na uso wa maji. Madume wa *Pundamilia nyererei* (ndiyo, ni Nyerere huyo huyo) wana mgongo mwekundu, na hukaa chini zaidi. Majike wa aina zote mbili wamefifia rangi, wanafanana kweli kweli.

Sasa jike anajuaje dume yupi ni wa kwao? Mama furu hulea watoto mdomoni, na mwaka 2007 Machteld Verzijden na Carel ten Cate walionyesha kwamba malezi hayo yana neno. Mabinti waliolelewa na mama wa aina nyingine walipokua walipendelea madume wa aina ya mama mlezi! Na kumbuka, mama mwenyewe hana buluu wala nyekundu, kwa hiyo somo halikuwa rangi ya mwili wake.

Rangi ya mazingira nayo ina sauti yake. Ziwa Victoria lina chembechembe nyingi zinazomeza mwanga wa buluu mapema, hivyo ukishuka chini unabaki na mwanga wa manjano na mwekundu. Daniel Shane Wright na wenzake walilea furu maabara chini ya taa zinazoiga vina hivyo viwili. Matokeo yao ya 2017: majike waliokulia mwanga wa juu walivutwa zaidi na buluu, wa mwanga wa kina walivutwa na nyekundu. Mimi nasita kuliita hilo kujifunza moja kwa moja, maana huenda ni jicho lenyewe linalokua tofauti. Lakini mwanga wa utotoni umeacha alama, hilo halina ubishi.

Basi fikiria maji yakichafuka. Udongo unaoporomoka kutoka mashambani, mbolea, maji taka, mwani unastawi, na kila kitu kinageuka rangi ya chai. Ole Seehausen na wenzake waliripoti mwaka 1997 kwamba chini ya taa ya rangi ya chungwa majike hawakuwatofautisha tena madume, wakati kwenye mwanga mweupe walichagua vizuri tu. Ziwani ni vivyo hivyo: kisiwa cha Makobe, kwenye maji maangavu, aina hizi mbili zimeachana wazi. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, kwenye maji ya tope ya kisiwa cha Luanso, unakuta madume wa rangi za katikati, si wa buluu, si wekundu.