Kinga na Kinga

Katika nchi ya Uingereza uko mji uitwao Oxford, na katika mji huo mna Chuo Kikuu cha kale sana. Chuo Kikuu hicho ni mkusanyo wa vyuo vingi, na vyuo vingi vina vyumba vyao vya kulala, ukumbi wa kulia chakula, na kanisa lao. Mtu aweza kudhani ya kuwa kijana akaaye mahali kama hapo, katikati ya vijana wengi, hawezi kuwa mpweke. Lakini sivyo. Mtu aweza kuwa mpweke sokoni, na aweza kuwa mpweke kanisani pia. Habari hizi zaeleza jinsi kijana mmoja alivyokuwa mpweke huko Oxford, akapata wenzi, na pamoja nao akaitafuta imani.

Kijana huyo aliitwa George Whitefield. Alizaliwa mwaka wa 1714 katika mji wa Gloucester. Baba yake alikufa George alipokuwa na umri wa miaka miwili, na mama yake akabaki kutunza nyumba ya wageni. George alipokua kidogo alivaa aproni ya buluu, akasafisha vyumba vya wageni, wala hakutazamia kwenda Oxford, kwa maana gharama yake ilikuwa kubwa. Siku moja mama yake akasikia ya kuwa kijana maskini aweza kusoma huko, akikubali kuwatumikia wanafunzi matajiri. Basi mwaka wa 1732 George akaingia kwa njia hiyo katika chuo kiitwacho Pembroke.

Huko alitumwa huku na huku na matajiri, na kwa desturi ya siku zile tajiri hakufanya urafiki na mwanafunzi mtumishi. Wale aliokaa nao chumba kimoja walimvuta aende nao katika ulevi na anasa. Alipokataa wakamwona mtu wa ajabu, wakamwacha. Akawa akikaa peke yake na vitabu vyake, hata mara nyingi viungo vyake vikafa ganzi kwa baridi.

Wakati huo palikuwapo Oxford chama kidogo cha wanafunzi. Kilianza mwaka wa 1729 kwa watu wanne tu. Mmoja alikuwa Charles Wesley, mwanafunzi wa chuo cha Christ Church, na mwingine John, kaka yake, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha Lincoln. John ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Jioni walikutana chumbani mwa mmoja wao, wakasali, wakasoma Agano Jipya katika lugha ya Kiyunani. Siku ya Jumatano na Ijumaa walifunga mpaka saa tisa ya mchana. Kila juma walishiriki Meza ya Bwana.

Lakini hawakujifungia chumbani. Tangu mwaka wa 1730 walikwenda gerezani kuwafariji wafungwa, hata wale waliofungwa kwa madeni. Waliwatazama wagonjwa, wakawafundisha watoto wa maskini kusoma. Fedha za kazi hiyo walizitoa katika posho zao wenyewe. Mmoja wao alipata pauni 30 kwa mwaka, akatumia 28, akatoa 2 kwa maskini. Mwaka uliofuata alipata pauni 60, lakini akaishi kwa 28 zile zile, akatoa 32.

Watu wengi wa Chuo Kikuu waliwacheka. Waliwaita Chama Kitakatifu kwa dhihaka, na tena Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu, kwa kuwa walikuwa na saa maalum kwa kila jambo. George aliwaona wakipita katikati ya wenye kudhihaki, wakienda kanisani kushiriki. Moyo wake ukatamani kuwafuata, lakini yeye ni mtumishi na wao ni wasomi wakubwa. Aliona haya, na muda wa mwaka mmoja hivi hakusema nao neno.

Ikawa siku moja mwaka wa 1733 alipata habari za mwanamke maskini aliyekata tamaa ya maisha. George akajua ni nani atakayemwendea. Akamtuma mwanamke mchuuzi wa matofaa ampashe Charles Wesley habari, akamwonya asimtaje aliyemtuma. Yule mchuuzi akamtaja! Basi Charles akamwalika George asubuhi ya pili waje wale chakula pamoja. Chakula kile ndicho kilichokuwa mlango wake. Charles akamwazima vitabu, na katika kimoja George akajifunza ya kuwa dini ya kweli si kwenda kanisani na kutenda mema tu, bali ni roho ya mtu kuungana na Mungu. Neno hili lilimshtua, maana alijiona bado hana.

Kuwa mwanachama hakukuwa rahisi. Wanafunzi wengine walimtupia taka, na baadhi ya matajiri wakamnyima ujira wake. Hayo aliyavumilia. Hatari kubwa ilitoka ndani yake mwenyewe. Alitaka kuinunua amani ya Mungu kwa taabu ya mwili. Wakati wa Kwaresima ya mwaka wa 1735 akala mkate mgumu tu na kunywa maji ya majani yasiyo na sukari, hata akashindwa kupanda ngazi, akalala mgonjwa karibu juma saba. Wenziwe hawakumwacha. John Wesley alimshauri ashike ibada na kazi zake, lakini asizitegemee hizo hata kidogo. Mwishowe George akakoma kujitegemea, akamtumaini Kristo tu, na mzigo wa moyo wake ukaondoka.

Hapo yapo mambo mawili ya kufahamu. La kwanza, wenzi walimfaa sana: walimwita, walimfundisha, walimshika mkono alipoanguka. La pili, hakuna aliyeweza kuamini kwa niaba yake. Mtu hashibi kwa chakula alacho mwenziwe.

Alipokwenda Gloucester apate kupona, George hakungoja kualikwa. Alikusanya vijana wachache, akaanzisha nao chama kidogo kama kile cha Oxford. Alipewa ushemasi mwaka wa 1736, na mwaka wa 1739 akawahubiri wachimbaji wa makaa ya mawe huko Kingswood, nje uwandani. Baadaye yeye na John Wesley walihitilafiana sana juu ya mafundisho, kisha wakapatana. Wala George hakukosa hatia: huko Georgia katika Marekani alikubali utumwa, akatumia watumwa. Naye John mwaka wa 1774 akaandika kitabu cha kuushutumu utumwa. George alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1770, na John ndiye aliyehubiri London kwa kumkumbuka.

Jina lile la dhihaka, Wamethodisti, likawa jina la heshima. Mwaka wa 1862 wamisionari wa Kimethodisti walifika Ribe, karibu na Mombasa, wakaanza kazi yao huko.

Wahenga walisema, Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja kikitengwa hufifia na kuzimika. Mwanafunzi aliye na chama chema asisahau ya kuwa mlangoni huenda amesimama mwingine, maskini au mgeni, mwenye haya, angojaye aambiwe neno moja tu: Karibu, tule pamoja.