Magofu au Mahame? Istilahi za Mashamba ya Kale ya Engaruka

Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno yanayotumika kuelezea mabaki ya kale ya Engaruka, wilayani Monduli, mkoani Arusha. Mabaki hayo yapo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo maji ya nyanda za juu za Ngorongoro huteremkia tambarare kame. Wakulima waliishi hapo tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18.

Neno lililozoeleka ni magofu. Gofu ni jengo lililobomoka likabaki kuta. Kwa hiyo hatukosei tunaposema magofu ya Kilwa au ya Kaole. Engaruka, hata hivyo, kazi kubwa ya mikono ya watu haikuwa nyumba. Kwenye mteremko yapo masalio ya vijiji saba: sehemu zilizosawazishwa kwa kujengea nyumba, zikategemezwa kwa kuta za mawe yasiyo na chokaa. Chini yake yameenea mashamba ya hekta zipatazo 2,000, yaliyogawanywa kwa safu za mawe na kunyweshwa kwa mifereji. Mtama ulilimwa humo.

Kosa la jina huzaa kosa la fikra. L.S.B. Leakey, aliyepachunguza mahali hapo mwaka 1935, alikadiria wakazi 30,000 hadi 40,000, na watu wakazoea kusimulia habari za mji uliopotea. Wanaelimukale waliofuata, akiwamo J.E.G. Sutton, walibainisha kwamba hiyo ilikuwa jamii ya vijiji vya wakulima wa umwagiliaji. Isitoshe, mtu aliyeambiwa atunze magofu atatafuta kuta za nyumba. Safu za mawe za shambani ataziona kuwa mawe tu, azizoe apate nafasi ya kulima. Hapo ushahidi wenyewe utakuwa umepotea.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Mahali palipohamwa ni mahame, neno litokanalo na kitenzi hama. Nalo linafaa kwa vijiji hivyo, kwani linataja watu na kuondoka kwao, pasipo kudai majengo. Kipande cha shamba kilichozungushiwa kingo ili kishike maji, wakulima wa mpunga hukiita jaruba. Kwa hiyo twaweza kusema majaruba ya mawe. Penye mteremko uliokatwa kwa vidato, maafisa wa kilimo husema matuta ya ngazi. Mfereji ubaki mfereji.

Tunapendekeza, basi, mabaki yote kwa jumla yaitwe mahame na mashamba ya kale ya Engaruka. Wasomaji wa sehemu za milimani, ambako mifereji ya jadi ingali ikitumika, kama ile iitwayo mifongo huko Kilimanjaro, tunawaomba watuletee maneno yao. Huenda mkulima analo tayari neno ambalo mtaalamu angali akilitafuta.