Mwalimu wa kijijini na utafiti: Maabara iliyo mlangoni pa shule za Laikipia

MJI wa Nanyuki, ulio chini ya Mlima Kenya na unaopitiwa na mstari wa ikweta, umekuwa kituo cha watafiti kwa miongo kadhaa. Wataalamu kutoka Marekani, Uswisi, Uingereza na vyuo vikuu vya humu nchini hufika hapo kupima maji ya mito, kuhesabu wanyama na kuchunguza nyasi za nyanda za Laikipia.

Hata hivyo, mwalimu anayefundisha katika shule iliyo kando ya barabara ya kuelekea Dol Dol, au kwenye miteremko ya Naro Moru na Timau, aghalabu huwaona watafiti hao wakipita tu ndani ya magari yao. Maarifa wanayoyakusanya huishia katika majarida ya ng'ambo, ilhali mwanafunzi wake husoma kuhusu mito na wanyama wa kwao kutoka kitabuni.

Hali hii ina uzito zaidi wakati huu. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 na kufika Gredi ya 10 Januari 2026, unamtaka mwanafunzi aulize, achunguze na kugundua mwenyewe. Ni vigumu kwa mwalimu kuongoza uchunguzi iwapo yeye mwenyewe hajapewa nafasi ya kuufanya.

Nafasi hizo zipo, nyingine bila malipo yoyote. Yafuatayo ni maelezo kuhusu zilikotoka, jinsi mwalimu wa mashambani anavyoweza kuzifikia, na yanayomzuia.

Mafunzo kazini yalivyoanza

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa 2003, idadi ya wanafunzi katika shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Walimu walijikuta na madarasa yaliyofurika, na mbinu walizofunzwa vyuoni hazikutosha tena.

Wakati huo kulikuwa na mpango wa kuwafunza walimu wakiwa shuleni mwao. Walimu watatu wa kila shule, mmoja wa Kiingereza, mmoja wa hisabati na mwingine wa sayansi, walisoma vijitabu nyumbani, wakajaribu mbinu darasani, kisha wakakutana na wenzao katika vituo vya ushauri wa walimu.

Kwa upande wa shule za upili, Kenya na Japani zilikuwa zimeanzisha mradi wa SMASSE mwaka wa 1998 ili kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi. Ulianza kwa majaribio katika wilaya tisa, zikiwemo Murang'a na Maragua katika eneo la Mlima Kenya. Baadaye ulienea kote nchini, na tangu 2009 ukahusisha shule za msingi pia. Kituo chake cha kitaifa, CEMASTEA, kipo Karen, Nairobi.

Mradi huo ulisisitiza mambo manne: shughuli, mwanafunzi kuwa kitovu cha somo, majaribio, na kutumia vifaa vinavyopatikana karibu. Kwa shule isiyo na maabara, hilo la mwisho lilikuwa na maana kubwa. Chupa ya plastiki iliyokatwa na kuwekwa alama za vipimo huweza kuwa kipima mvua.

Udhaifu wa mafunzo ya aina hiyo ulikuwa katika njia yake ya kusambaa. Wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, nao wa wilaya wakawafunza walimu wakati wa likizo. Ujuzi unaopita mikono mingi ni kama maziwa yanayotiwa maji kila yanapobadilishiwa mkebe.

Mpango wa kusoma wa Tusome, ulioanza 2015, ulijaribu kuziba pengo hilo. Maafisa wa kusaidia mtaala walizuru madarasa wakiwa na tabuleti, wakafuatilia somo na kumshauri mwalimu papo hapo. Katika maeneo ambako shule moja iko mbali na nyingine, kama Laikipia Kaskazini, ziara za namna hiyo hutegemea sana nauli na hali ya barabara.

Nani alipe?

Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 inaitaka tume hiyo, TSC, kumtaka kila mwalimu aliyesajiliwa kushiriki mafunzo ya kujiendeleza kitaaluma. Ni kwa msingi huo ambapo Septemba 2021 tume ilizindua mpango wa lazima wa mafunzo kwa walimu wote.

Taasisi nne ziliteuliwa kuyatoa: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na taasisi ya usimamizi wa elimu, KEMI. Ada iliyotangazwa ilikuwa Sh6,000 kwa mwaka, na mwalimu ndiye aliyetarajiwa kuilipa.

Vyama vya walimu viliupinga mpango huo vikisema mwajiri ndiye anayepaswa kugharimia mafunzo anayoyalazimisha. Suala hilo lilifikishwa hata mahakamani.

Aidha, mwongozo wa TSC wa kupandishwa vyeo wa 2018 uliondoa utaratibu wa zamani ambapo mwalimu aliyepata shahada ya juu zaidi alitarajia cheo moja kwa moja. Walimu wengi waliokuwa wakitumia likizo zao na mikopo kusomea shahada ya uzamili walijikuta wakijiuliza faida yake.

Mzozo wa ada na vyeo umefunika swali jingine: mafunzo yenyewe yamsaidie mwalimu kufanya nini? Mwalimu anaweza kukusanya vyeti vingi na somo lake likabaki vile vile. Anaweza pia, bila cheti chochote kipya, kulichunguza darasa lake na kulibadilisha.

Utafiti wa darasani

Wazo kwamba mwalimu ni mtafiti si geni. Nchini Uingereza, msomi Lawrence Stenhouse alilitetea kwa nguvu katika miaka ya 1970. Alishikilia kwamba mtaala hauwezi kuboreka pasipo mwalimu kuchunguza kazi yake mwenyewe.

Nchini Japani, walimu wamekuwa na desturi ya kuandaa somo pamoja, mmoja akalifundisha huku wenzake wakiwatazama wanafunzi, kisha wote wakaketi kulijadili na kulirekebisha. Desturi hiyo imeingia Kenya kupitia CEMASTEA. Haihitaji mtambo wala ruzuku. Inahitaji walimu watatu au wanne, na saa moja ya faragha baada ya masomo.

Chukua mfano wa mwalimu wa hisabati anayegundua kwamba wanafunzi wake wanadhani robo ni kubwa kuliko thuluthi, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Anawapa jaribio fupi na kuhesabu waliokosea. Kwa wiki mbili anafundisha kwa kukata chapati au karatasi, kisha anawapa jaribio jingine linalofanana na la kwanza.

Akiandika alichofanya, wangapi walibadilika na wangapi walibaki palepale, huo tayari ni utafiti. Akiulinganisha na wa mwenzake wa shule jirani, unakuwa na uzito zaidi.

Vilevile, kila shule ina hazina ambayo watafiti wa nje huitafuta kwa gharama: daftari la mahudhurio. Katika maeneo ya wafugaji, familia huhama na mifugo wakati wa kiangazi. Mwalimu akiweka rekodi za mvua kando ya rekodi za mahudhurio kwa miaka mitatu au minne, atakuwa na ushahidi wa jinsi ukame unavyowaondoa watoto darasani, wavulana na wasichana, na katika miezi ipi. Ushahidi huo unaweza kutumiwa kuomba chakula cha shuleni au bweni.

Maabara za karibu

Mjini Nanyuki kuna kituo cha CETRAD, kinachoendeshwa kwa ushirikiano wa Kenya na Uswisi, na ambacho chimbuko lake ni utafiti ulioanza Laikipia katika miaka ya 1980. Kituo hicho hushughulikia zaidi maji na matumizi ya ardhi katika bonde la Ewaso Ng'iro.

Mito ya Naro Moru, Burguret, Likii na Ontulili huanzia mlimani, na wakati wa kiangazi maji yake huwa chanzo cha mivutano kati ya wakulima wa juu na wafugaji wa chini. Mwanafunzi anayechota maji mtoni anaweza kujifunza jiografia, hisabati na uraia kutokana na kipimo kimoja cha kina cha maji kila wiki.

Uchunguzi wa namna hiyo huondoa pia dhana potovu. Ni kweli kwamba barafu ya Lewis katika Mlima Kenya ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Lakini barafu hiyo ni ndogo mno kuweza kulisha mito yote. Mvua, misitu na kiasi cha maji kinachotolewa mtoni ndivyo huamua zaidi.

Kaskazini-magharibi mwa mji huo kuna kituo cha utafiti cha Mpala, kinachoshirikiana na taasisi kama vile Chuo Kikuu cha Princeton, Smithsonian na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Hapo, tangu 1995, watafiti wamezungushia nyua vipande vya ardhi vya hekta nne, vingine vikizuia ng'ombe, vingine wanyamapori, na vingine ndovu na twiga pekee, ili kujua kila kundi linavyoathiri malisho.

Shule inaweza kufanya jaribio kama hilo kwa miiba. Kipande cha mita moja mraba kikizungushiwa ua, na kingine kando yake kikaachwa wazi kwa mbuzi, wanafunzi wataona tofauti baada ya muhula mmoja wa mvua.

Utafiti wa umma nao umefungua milango kwa wasio wanasayansi. Januari 2016 na tena Januari 2018, mamia ya wananchi walishiriki kuwapiga picha punda milia aina ya Grevy katika kaunti za kaskazini na katikati mwa nchi. Milia ya kila mnyama, ambayo haifanani na ya mwingine, ilitambuliwa kwa kompyuta. Makadirio ya 2016 yalikuwa 2,350, na ya 2018 yakawa 2,812.

Tangu 2013 kumekuwa pia na mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambapo nchi imegawanywa katika miraba yenye upana wa takriban kilomita tisa na yeyote anayewatambua ndege huweza kutuma orodha yake. Miraba ya mashambani, isiyo na watalii, ndiyo inayohitaji watazamaji zaidi.

Kwa walimu wa lugha, msitu wa Mukogodo ni makao ya jamii ya Wayaaku, ambao lugha yao imesalia kwa wazee wachache baada ya wengi kuanza kuzungumza Kimaasai. Kuhifadhi majina ya mimea, ndege na mahali katika lugha hiyo ni kazi ambayo haiwezi kusubiri.

Vibali na maadili

Mwalimu anayetathmini somo lake ili aliboreshe anafanya kazi yake ya kawaida. Lakini anayekusanya habari ili azichapishe au azitumie kwa tasnifu anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, kwa mujibu wa sheria ya 2013. Baada ya kuipata, hutakiwa kuwajulisha kamishna na mkurugenzi wa elimu wa kaunti.

Panapohusika wanyamapori, idhini ya taasisi ya utafiti wa wanyamapori iliyo Naivasha huhitajika. Panapohusika watoto, idhini ya wazazi ni ya lazima, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda wanafunzi dhidi ya kutangazwa kwa habari zao za kibinafsi.

Pa kupata msaada

Chuo Kikuu cha Karatina, kile cha Dedan Kimathi mjini Nyeri na kile cha Laikipia karibu na Nyahururu vipo katika eneo hili. Mwalimu asiyetaka shahada anaweza kuomba mhadhiri amshauri kuhusu namna ya kuunda swali la utafiti.

Wanaotaka masomo ya ng'ambo wanaweza kufuatilia ufadhili wa serikali ya Japani kwa walimu walio kazini, ambao huwalenga wenye umri wa chini ya miaka 35 na tajriba ya miaka mitano. Pia kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa shahada za uzamili kwa njia ya masafa, unaomwezesha mwalimu kusoma bila kuiacha shule yake.

Kwa asiye na ada, mradi wa TESSA, ulioanza 2005 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Afrika na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, una vielelezo vya masomo bila malipo kwenye intaneti, vikiwemo vya Kiswahili.

Kinachohitajika

Mwalimu wa sayansi Peter Tabichi aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani Machi 2019 na kupata dola milioni moja za Marekani, shule yake ya Keriko, eneo la Njoro, ilikuwa na kompyuta moja tu. Wanafunzi wake walikuwa wamefuzu kwa maonyesho ya kimataifa ya sayansi kutokana na klabu ya sayansi aliyoipanua.

Lakini kumtegemea mwalimu shujaa si sera. Mwalimu mwenye vipindi vingi, anayesahihisha madaftari kwa mwanga wa taa usiku, hawezi kuongezewa utafiti juu ya mzigo huo bila kupunguziwa kitu kingine.

Mwalimu mkuu anaweza kuanza kwa kutenga saa moja kila wiki ya walimu kujadili masomo yao. TSC inaweza kuutambua utafiti wa darasani kama sehemu ya mafunzo inayoyadai. Serikali ya kaunti na vituo vya utafiti vinaweza kuweka sharti kwamba kila mtafiti anayefanya kazi Laikipia arudishe matokeo yake kwa shule jirani, kwa lugha nyepesi.

Mgeni huja kwa msimu na kuondoka. Mwalimu hubaki hapo mwaka baada ya mwaka, mvua ikinyesha au isiponyesha, na daftari lake ndilo linaloweza kuonyesha kilichobadilika.