Tasnifu Ikiingia Ndani ya Nyumba

Mtu akijiunga na masomo ya uzamili, kila mmoja humpongeza. Bosi anampa mkono, mama mkwe anawatangazia majirani, shoga zake wanaanza kuulizia sare ya mahafali. Hakuna anayemwambia kuwa mwaka wa kukaa darasani ndio rahisi. Shughuli huanza mihadhara ikiisha, unapobaki peke yako na kitu kinachoitwa tasnifu.

Nasema haya kwa kuwa yamenikuta. Nilijiandikisha nikiwa tayari mhariri, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Darasani mambo yalikwenda vizuri, maana kule kuna ratiba, kuna mwalimu, kuna wenzako wa kucheka nao. Tasnifu haina kengele. Unaweza kukaa miezi mitatu bila kuigusa na asikuulize mtu, ila moyoni huna raha: uko harusini unaiwaza, uko kitandani unaiwaza.

Na njia yenyewe ni ndefu. Kwanza uandike pendekezo la utafiti, msimamizi aliridhie. Kisha kibali: hapa Tanzania barua inaanzia chuoni, inapita ofisi ya mkoa, inashuka wilayani, ndipo umfikie mtendaji wa kata na watu unaotaka kuwahoji. Ukirudi na madodoso yako, uingize majibu kwenye kompyuta, uyachambue, halafu uandike sura moja moja: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, hitimisho. Sura yangu ya pili ilirudishwa mara nne. Mara ya nne msimamizi aliandika maneno mawili tu pembeni: "Kwa hiyo?" Kusema kweli, nililia.

Mwenzako naye anahesabu siku

Tasnifu moja inakula muda wa watu wawili. Kila Jumamosi niliyokaa na makabrasha yangu, mume wangu ndiye aliyempeleka mtoto kunyolewa, akaenda msibani peke yake, akala chakula kilichopoa. Si mtu wa kelele. Alinyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko ugomvi. Usiku mmoja, huku ananyoosha shati lake la kazini, akaniuliza taratibu: "Mama Neema, hivi hii kitu ina mwisho, au ndiyo maisha yetu sasa?"

Tulikaa chini na kalenda ya ukutani, tukakubaliana mambo matatu. Nitaandika kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 12 na nusu, siku tano za wiki, na yeye atamwandaa mtoto. Jumapili ni ya familia, kompyuta haifunguliwi. Na kila Ijumaa usiku nitampa dakika 10 za kumweleza nimefika wapi.

Hilo la tatu ndilo lililoniokoa. Mume wangu ni mhasibu, nadharia za mawasiliano hazimhusu. Ijumaa ya kwanza nilimsomea aya mbili, akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sawa, mke wangu. Kwa hiyo?" Maneno yale yale ya msimamizi! Nikamjibu kwa Kiswahili cha kawaida, kama tunavyoongea mezani. Akasema, "Sasa mbona hukuandika hivyo?" Asubuhi nikayaandika vile vile nilivyoyasema. Sura ya pili ikapita.

Kama uko njiani

Kwanza, punguza mada. Umberto Eco, mwandishi wa Italia, alitoa mwaka 1977 kitabu kizima kuhusu kuandika tasnifu, na ushauri wake ni kwamba kazi hiyo isizidi miaka mitatu wala isipungue miezi sita. Mada finyu unaweza kuimudu. Mada pana itakumeza.

Pili, kidogo kila siku. Joan Bolker wa Marekani alitoa kitabu mwaka 1998 ambacho jina lake linazungumzia kuandika tasnifu kwa dakika 15 kwa siku. Usicheke. Dakika 15 za kila siku zinazidi ile likizo ya wiki mbili unayoisubiri, ambayo ikifika una wageni kutoka kijijini.

Tatu, andika chanzo cha kila unachosoma siku hiyo hiyo. Zotero, programu iliyotoka mwaka 2006, ni ya bure na inapanga marejeo yako vizuri. Kutafuta ukurasa wa kitabu ulichokirudisha maktaba miezi sita iliyopita kunaweza kukuondolea usingizi.

Nne, usiende kwa msimamizi na kilio. Nenda na kurasa chache na swali moja. Hata naye ana wanafunzi wengine na foleni ya kurudi nyumbani.

Na wewe uliye pembeni, mume, mke au mchumba, acha kuuliza "Umemaliza?" Swali hilo linamfunga mtu mdomo. Muulize "Leo umeandika nini?", halafu msikilize, hata kama huelewi nusu yake. Mimi nilimaliza baada ya miezi 14. Kwenye ukurasa wa shukrani msimamizi ametajwa wa pili. Wa kwanza anajulikana, na mpaka leo anawaambia wageni kwamba ile shahada ni yetu sote.